Maswali na Majibu: Kimeng'enya cha Damu Kinacholinda Mishipa ya Moyo

Katika safu iliyopita nilieleza kwa ufupi kuhusu paraoksonesi 1, ambayo wataalamu huiita PON1. Hiki ni kimeng'enya kinachotengenezwa hasa na ini, kikaingia katika damu na kusafiri humo kikiwa kimeshikamana na ile lehemu ambayo watu wengi huijua kwa jina la lehemu nzuri, yaani HDL. Nilisema kwamba watafiti wamekihusisha na kinga ya mishipa ya moyo. Barua zilizofuata ni nyingi kuliko nilivyotarajia, na baadhi yake zimeandikwa na watu walio katika hofu ya kweli, kwa hiyo nimeona safu nzima ya leo iwe ya majibu.

Shikamoo Mwalimu. Uliandika kwamba waliokigundua kimeng'enya hiki walikuwa wanachunguza sumu, si moyo. Ilikuwaje? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba, mwanangu. Hata jina lake limetokana na sumu. Mwaka 1946 Abraham Mazur alichapisha nchini Marekani taarifa ya kimeng'enya kilichomo katika tishu za wanyama, chenye uwezo wa kuvunja kemikali za jamii ya oganofosfeti, ambayo ni jamii iliyozaa gesi za vita zinazoshambulia neva na pia dawa nyingi za kuulia wadudu mashambani. Mwaka 1953, Norman Aldridge wa Uingereza alivigawa vimeng'enya vinavyokutana na sumu hizo katika makundi mawili, yaani vile vinavyoivunja sumu na vile vinavyolemazwa nayo. Mojawapo ya sumu zilizotumika katika vipimo hivyo ni paraoksoni, ambayo ndiyo umbo kali linalopatikana mwilini baada ya mtu kuingiwa na dawa ya wadudu iitwayo parathioni. Kimeng'enya kilichoivunja kikapewa jina la paraoksonesi.

Kwa muda mrefu habari hiyo ilibaki mikononi mwa wataalamu wa sumu. Mtafiti ninayependa kumtaja hapa ni Michael Mackness wa Uingereza, ambaye naye alianzia huko huko kwenye viuatilifu. Mwaka 1985, yeye na wenzake waliizungusha seramu ya kondoo na ya binadamu katika mashine ya mwendo mkali sana, inayotenganisha vilivyomo kulingana na uzito wake. Walikuta kwamba kimeng'enya kile hakikai peke yake katika maji ya damu, bali kimo katika tabaka la lipoprotini, yaani vifurushi vya protini na mafuta vinavyoibeba lehemu. Sasa fikiria jambo hili. Viuatilifu vya oganofosfeti ni kazi ya viwanda vya karne ya 20, ilhali kondoo na binadamu wamekuwa na kimeng'enya hiki tangu zamani. Haiwezekani kwamba mwili ulikitengeneza kwa ajili ya sumu ambayo haikuwapo. Kilikuwa na kazi nyingine, na kule kupanda kwake juu ya kifurushi cha mafuta kulikuwa kunaelekeza ni wapi pa kuitafuta.

Mwaka 1991, akiwa Manchester pamoja na Sharon Arrol na Paul Durrington, Mackness alichapisha jaribio ambalo kwangu mimi linavutia kwa wepesi wake. Walichukua LDL, yaani lehemu ile inayoitwa mbaya, wakaiweka pamoja na shaba, ambayo huyaharibu mafuta kwa kuyaunganisha na oksijeni, kama samli iliyoachwa wazi juani inavyochacha na kubadilika harufu. Walipoongeza paraoksonesi iliyosafishwa, mazao ya uharibifu huo yalipungua. Umuhimu wake ni huu: LDL iliyochacha namna hiyo ndani ya ukuta wa mshipa humezwa na seli za kinga, seli hizo hujaa mafuta mpaka zikaonekana kama povu chini ya hadubini, na kutokana nazo hujengeka ule utando unaouziba mshipa.

Jaribio la chupani halitoshi kuthibitisha jambo la mwilini. Ndiyo maana kazi iliyotoka Los Angeles mwaka 1998, ikiongozwa na Diana Shih na Aldons Lusis, ilisubiriwa kwa hamu. Walizalisha panya wa maabara wasio na jeni ya PON1. Panya hao walidhurika upesi kwa viuatilifu, na walipolishwa chakula chenye mafuta mengi, mishipa yao iliharibika zaidi kuliko ya wenzao wenye jeni hiyo. Kasoro moja, madhara mawili: sumu ya shambani na ugonjwa wa mishipa vilikutana katika mnyama mmoja.

Umbo la kimeng'enya chenyewe lilionekana mwaka 2004, kwa kazi ya kundi lililojumuisha Dan Tawfik wa Taasisi ya Weizmann nchini Israeli. Lina sura ya pangaboi lenye mapanga sita, na katikati yake zimekaa chembe mbili za kalisi, moja ikilishikilia umbo lisibomoke na nyingine ikishiriki katika kazi yenyewe ya kuvunja. Tawfik na wenzake walionyesha pia kwamba kazi ya asili ya kimeng'enya hiki ni kuvunja kemikali ziitwazo laktoni, na kwamba kuvunja sumu za wadudu ni kazi ya ziada tu. Naomba uzikumbuke chembe hizo za kalisi, kwa sababu nitazirudia.

Ninaishi Muscat. Majibu ya maabara yanaonyesha lehemu yangu nzuri iko juu sana, lakini daktari bado ananiandikia dawa ya kushusha LDL. Kwa nini niimeze, ikiwa nina kinga ya kutosha?

Ndugu yangu, endelea na dawa yako. Nasema hivyo mwanzoni ili jambo hilo lisipotee katika maelezo.

Kipimo cha HDL unachopewa hospitalini huhesabu kiasi cha lehemu iliyobebwa, wala hakisemi lolote kuhusu ubora wa kifurushi kinachoibeba. Ni sawa na kusimama ufukweni ukahesabu majahazi yanayoingia bandarini bila kuuliza yamepakia nini. HDL ya mtu mwenye afya hubeba PON1 na protini nyingine zenye manufaa. Mtu anapokuwa na uvimbe wa muda mrefu mwilini, au kisukari kisichodhibitiwa, HDL yake inaweza kupungukiwa na PON1 na kubeba protini nyingine badala yake, huku kipimo cha kawaida kisionyeshe mabadiliko yoyote ya kutisha.

Fundisho kali zaidi lilipatikana mwaka 2006. Dawa iitwayo torcetrapib ilijaribiwa kwa wagonjwa 15,067, na ilipandisha HDL kwa zaidi ya asilimia 70, kiwango ambacho hakuna dawa nyingine ya wakati ule iliyokikaribia. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu waliokuwa wakiimeza walikufa na kupata matatizo ya moyo zaidi ya wale wasioimeza. Dawa hiyo ilikuwa na madhara yake mengine pia, ikiwemo kupandisha shinikizo la damu, lakini dawa za jamii yake na vidonge vya niasini (aina ya vitamini B) vilivyojaribiwa baadaye navyo havikuleta ile kinga iliyotarajiwa kutokana na kupandisha HDL. Halafu mwaka 2017 watafiti wa Copenhagen walionyesha, kwa kuwafuatilia watu zaidi ya 100,000 wa Denmark, kwamba wale wenye HDL ya juu kupita kiasi walikufa mapema zaidi kuliko wenye kiwango cha kati.

Kushusha LDL, kwa upande mwingine, kumethibitika mara nyingi kwamba kunapunguza mashambulio ya moyo. Statini, ambayo huenda ndiyo uliyoandikiwa, imeonekana katika tafiti kadhaa kuongeza kidogo utendaji wa PON1, lakini hiyo si sababu ya kuimeza. Sababu ni LDL.

Naomba kujua ninaweza kupima wapi kimeng'enya hiki, na kipimo chake kinagharimu kiasi gani. (Msomaji, Nairobi)

Kipimo hiki hakimo katika vipimo vya kawaida vya hospitali, wala sikushauri ukitafute. Hufanyika katika maabara za utafiti, na hata huko matokeo hutegemea kemikali iliyotumika kukijaribu kimeng'enya. Ukitumia paraoksoni utapata picha moja, na ukitumia kemikali nyingine iitwayo fenili asetati utapata picha nyingine kutoka katika damu ile ile. Utendaji wa PON1 kwa watu wazima wenye afya unaweza kutofautiana zaidi ya mara 10 kati ya mtu na mtu, na hakuna mstari uliokubaliwa wa kusema kwamba aliye chini yake ni mgonjwa.

Nimefanya kazi ya maabara kwa miaka mingi, na ningependa msomaji akione kipimo hiki kwa karibu. Unachukua seramu kidogo, tone dogo tu, unaichanganya na maji yenye kalisi na paraoksoni ndani ya kichupa cha pembe nne chenye kuta angavu, kisha unakiweka mbele ya mwanga wa mashine. Mwanzoni maji ni meupe. Kimeng'enya kinapoivunja paraoksoni, mojawapo ya vipande vinavyotoka kina rangi, na maji huanza kugeuka manjano hafifu kama chai ya mchaichai. Jinsi rangi inavyokolea upesi ndivyo kimeng'enya kilivyo na nguvu. Kwa kuwa paraoksoni ni sumu kali, tulikuwa tukiifanya kazi hii ndani ya kabati la kunyonya hewa, tukiwa tumevaa glavu mbili mbili.

Mwaka mmoja, mwanafunzi niliyekuwa nikimwongoza aliniletea sampuli 40 alizozikusanya kwa taabu kwa wiki kadhaa. Zote zilibaki nyeupe. Alidhani mashine imeharibika. Nilipomwomba anionyeshe chupa alizotumia kuchukulia damu, zilikuwa zile zenye kifuniko cha zambarau, ambazo hutumika kila siku kwa kipimo cha wingi wa damu. Ndani ya chupa hizo mna EDTA, kemikali inayozuia damu isigande kwa kuikamata kalisi yote. Zile chembe mbili za kalisi nilizokuomba uzikumbuke ziling'olewa, na kimeng'enya kikafa kabla hakijafika maabara. Ilimbidi aanze upya kwa chupa za seramu, na wagonjwa wake wachomwe sindano tena. Nalieleza hili kwa sababu wako wanafunzi wanaoisoma safu hii.

Huku Tanga komamanga linasifiwa kuwa linazibua mishipa ya moyo, na wauzaji wa juisi sasa wanasema linaongeza PON1. Ni kweli?

Sifa hiyo ina asili katika utafiti. Michael Aviram wa Haifa, nchini Israeli, alilichunguza komamanga kwa miaka mingi. Mwaka 2004, yeye na wenzake walichapisha kazi kuhusu wagonjwa 10 wenye mishipa ya shingo iliyosinyaa waliokunywa mililita 50 za juisi hiyo kila siku, wakilinganishwa na wengine 9 wasioinywa. Kwa wanywaji, utendaji wa PON1 ulipanda, na unene wa ukuta wa mshipa ulipungua katika mwaka wa kwanza.

Wagonjwa 10 ni wachache mno. Mwaka 2009 yalitoka matokeo ya kazi nyingine nchini Marekani, yenye watu 289 na kipimo kikubwa zaidi cha mililita 240 kwa siku kwa muda wa hadi miezi 18. Kwa jumla ya washiriki, unene wa mshipa haukutofautiana kati ya walionywa juisi na walionywa kinywaji cha kufananishia. Kwa hiyo kula komamanga lako kama tunda, ni tunda zuri. Ikiwa una kisukari, juisi ya chupa iliyotiwa sukari itakudhuru. Na yeyote anayekuuzia juisi kwa maneno kwamba uache vidonge vya presha, usimsikilize.

Mume wangu hupulizia dawa nyanya zetu, na mara nyingi huingia ndani na nguo zile zile. Tuna mtoto wa miezi minne. Je, kimeng'enya hiki kinatukinga? (Mama, Iringa)

Dada yangu, barua yako imenikaa moyoni kuliko zote.

Kinga ipo, lakini si sawa kwa kila mmoja ndani ya nyumba yako, na aliye na kidogo zaidi ni huyo mtoto. Clement Furlong wa Chuo Kikuu cha Washington, huko Seattle, pamoja na wenzake wa California, waliwapima wafanyakazi wa mashambani wa bonde la Salinas. Walikuta kwamba watoto wachanga wana PON1 pungufu, kwa wastani mara nne chini ya mama zao. Kazi zilizofuata katika bonde hilo hilo zilionyesha kwamba kiwango hupanda polepole, na hata katika umri wa miaka 7 watoto wengi walikuwa bado hawajafikia kiwango cha watu wazima. Isitoshe, watu wazima wenyewe wanatofautiana, na nguvu ya kimeng'enya hubadilika kulingana na aina ya sumu. Dawa zenye klopirifosi na diazinoni, zikishageuka mwilini, ndizo ambazo PON1 inasaidia zaidi kuzivunja. Kwa parathioni, ambayo ndiyo asili ya jina lake, msaada wake katika mwili hai umeonekana kuwa mdogo. Mwaka 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm, ambao ni mkataba wa kimataifa wa kudhibiti kemikali hatari zinazodumu katika mazingira, zilikubaliana kuiingiza klopirifosi katika orodha ya kemikali za kuondolewa, ingawa kwa misamaha fulani, lakini dawa iliyokwisha kununuliwa huendelea kukaa ghalani.

Kwa sababu hiyo usiitegemee damu ifanye kazi inayopaswa kufanywa na sabuni. Mumeo avue nguo za kupulizia nje ya nyumba, aoge kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto, na nguo hizo zifuliwe peke yake, si katika beseni la nepi. Chupa ya dawa isiingie jikoni, na dawa isihamishiwe katika chupa ya soda, hata ikiwa ni kidogo. Asipulizie akiwa anaelekeana na upepo.

Zijue pia dalili za sumu hii: mate na jasho kwa wingi, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano, kutapika, kuharisha, misuli kutetemeka yenyewe, na kupumua kwa shida. Ukiziona, mvue mtu huyo nguo, mwoshe kwa maji mengi na sabuni ukiwa umevaa glavu, kisha mkimbize hospitali pamoja na lebo ya dawa aliyoitumia. Usimlazimishe kutapika. Maziwa, ambayo watu wengi hukimbilia kumnywesha aliyekula sumu, hayaivunji sumu hii, na yanaweza kuingia katika mapafu ya mtu asiyemeza vizuri. Hospitalini kuna atropini, dawa ya kupambana na sumu hii, na kila dakika unayoichelewesha kwa kutafuta maziwa inahesabika.

Baba na babu yangu wote walikufa kwa moyo. Je, tumerithi kimeng'enya dhaifu, na kipimo cha jeni kinaweza kunijulisha? (Kijana, Mombasa)

Pole sana, kijana wangu. Jeni ya PON1 iko katika kromosomu ya 7, pamoja na ndugu zake wawili, PON2 na PON3, ambao kundi la Bert La Du wa Chuo Kikuu cha Michigan liliwatambulisha mwaka 1996. Katika nafasi ya 192 ya kimeng'enya, baadhi ya watu wana asidi amino moja (kijenzi cha protini) na wengine nyingine, na tofauti hiyo ndogo inatosha kubadilisha kasi ya kuivunja paraoksoni. Ilitumainiwa kwamba hapo ndipo siri ya moyo ilipo. Mwaka 2004 jarida la The Lancet lilichapisha uchambuzi wa tafiti 43, wenye wagonjwa wa moyo 11,212 na watu wasio wagonjwa 12,786, na uhusiano kati ya tofauti hiyo na ugonjwa ukaonekana kuwa hafifu au haupo kabisa, hasa katika tafiti zilizo kubwa.

Kwa upande mwingine, mwaka 2008 watafiti wa Cleveland waliwachunguza wagonjwa 1,399 kwa kupima utendaji wenyewe wa kimeng'enya pamoja na jeni, na wale wenye utendaji wa juu walipata matukio machache zaidi ya moyo katika miaka iliyofuata. Ukizisoma kazi hizi pamoja, utaona kwamba herufi ya jeni haitoshi kukisia kiasi cha kimeng'enya kilichomo katika damu, kwa kuwa umri, magonjwa, tumbaku na chakula navyo huamua. Na bado haijathibitika kama kimeng'enya kikiwa chini ndicho kinacholeta ugonjwa, au ni ugonjwa unaokishusha.

Historia ya familia yako ina uzito kuliko kipimo chochote cha jeni hii. Mweleze daktari walikufa wakiwa na umri gani. Pima shinikizo la damu, sukari na LDL mwaka huu, hata kama hujisikii kuumwa popote.

Mzee wangu ana miaka 61 na amevuta sigara tangu ujana. Anasema sasa amechelewa, madhara yameshatokea. Nimjibu nini?

Mwambie kwamba moshi wa sigara hukidhoofisha kimeng'enya hiki moja kwa moja. Seramu iliyochanganywa na dondoo la moshi chupani hupoteza nguvu yake ya PON1, na wavutaji wamepimwa wakakutwa na utendaji wa chini kuliko wasiovuta. Mwambie pia kwamba kwa walioacha, utendaji umeonekana kupanda tena, na kwamba hatari ya shambulio la moyo huanza kushuka mapema baada ya kuacha, katika umri wake pia. Nenda naye kituo cha afya, asiende peke yake. Siku hiyo hiyo wampime presha na sukari, na aulize kuhusu msaada wa kuacha tumbaku, kwa sababu aliyevuta kwa miaka 40 hastahili kuachiwa apambane na hamu hiyo bila msaidizi.